Sifa ya Debe Tupu

Wahenga wetu hawakulionea huruma debe tupu. Walisema haliachi kuvuma, nasi tukairithi kauli hiyo kama kiboko cha kuwachapia watu wenye maneno mengi na akili chache. Mimi mwenyewe nimeitumia sana darasani katika miaka niliyofundisha fizikia kwenye shule za sekondari za huku kwetu, kati ya Kilwa na Lindi. Lakini tangu nilipojenga sabufa kwa mikono yangu, nimeanza kuitazama methali hii kwa jicho jingine. Juu ya watu, huenda wahenga walipatia. Juu ya debe lenyewe walisema jambo kubwa kuliko walivyokusudia, kwamba kinachovuma ni ule utupu uliomo ndani. Utupu huo una kipimo chake na una kazi yake, na asiyeuheshimu haumpi kitu.

Sabufa ni nini, msomaji hahitaji kuelezwa. Siku hizi karibu kila mtaa una nyumba yenye sanduku jeusi sebuleni, lenye taa za rangi zinazochezacheza, na spika ndogo mbili pembeni. Sanduku hilo kazi yake ni moja tu, kutoa sauti nzito, yaani besi. Ya dukani nilikuwa nayo, na ilitosha kwa taarifa ya habari na kwa watoto. Sikujenga nyingine kwa sababu ya kupenda makelele. Nilijenga kwa sababu ya baba yangu, na kwa sababu ya noti moja ya muziki.

Baba amepita miaka 75. Ujanani alikuwa mpiga gitaa zito katika bendi ndogo ya huku kusini, moja ya zile bendi nyingi zilizochipuka baada ya Uhuru na kufa kimya kimya pale vyombo vilipochakaa na vipya visipatikane. Mwaka 1974 bendi hiyo ilikwenda Dar es Salaam kurekodi katika studio ya Radio Tanzania. Safari ya siku hizo baba huisimulia kama watu wanavyosimulia Hija. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo msafiri wa kusini alivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikaza alisubiri mpaka Mungu apende. Walifika na magitaa yaliyofungwa kwenye mablanketi. Wakarekodi nyimbo nne, wakarudi.

Katika wimbo wa nne, anasema baba, mpiga solo alikatikiwa na uzi kwenye ubeti wa mwisho. Mkanda ulikuwa unazunguka na hakuna aliyetaka kuanza upya. Baba akaacha mapigo aliyokuwa akipiga, akashuka mpaka kwenye uzi mnene kuliko wote, akaushikilia wazi, noti moja, mpaka mwimbaji akamaliza na ngoma zikafunga. "Mimi ndiye niliyeubeba wimbo ule," hutuambia. "Ningenyamaza, ungeanguka."

Tumeikulia hadithi hii. Wimbo ulipigwa redioni mara chache tukiwa wadogo, na kila mara baba aliinua kidole ubeti wa mwisho ulipokaribia, akasema, "Sikilizeni." Tulisikiliza. Hatukusikia kitu. Zilisikika tarumbeta, gitaa la rizimu na sauti ya mwimbaji, basi. Baba mdogo, ambaye ni mtu wa mizaha, alikuwa akicheka: "Kaka, kila mzee wa pwani hii aliwahi kuwa na bendi, na kila mmoja ndiye aliyeubeba wimbo." Mzaha ukirudiwa miaka arobaini hugeuka kuwa hukumu. Baba aliacha kuinua kidole.

Kisha masikio yake yakaanza kumtoka. Uzee huanza kwa kula sauti nyembamba. Herufi kama s na f humpotea mzee kwanza, ndipo maneno hufanana na akachoka kuuliza. Baba aliacha kwenda barazani baada ya Alasiri kwa sababu hiyo, ingawa alisingizia magoti. Lakini sauti nzito hubaki kwa muda mrefu zaidi. Lori la simenti likipita barabara kuu yeye hulisikia kabla yangu. Nikawaza: mtu huyu anapoteza dunia kuanzia juu, na kile alichokuwa akikipiga kiko chini. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam aliponiletea nakala ya wimbo ule kwenye flashi, nikaona wakati umefika wa kumpa mzee besi yake angali anaweza kuisikia.

Hapa inafaa nieleze kwa nini redio zetu zilimfanya baba aonekane mwongo. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana husikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi 20,000. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukiachwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ya mkononi, yenye upana wa kiganja, haina uwezo wa kuusukuma mtetemo huo. Sababu ni hesabu ya kikatili: ukitaka ukubwa ule ule wa sauti, kila unaposhuka kufikia nusu ya mitetemo, koni ya spika lazima isogee mara nne zaidi. Spika ndogo hufika mwisho wa mwendo wake mapema. Kinachobaki ni vile vimitetemo vya juu vinavyofuatana na noti, vya 82, vya 123 na kuendelea, ambavyo akili ya msikilizaji huviunganisha na kubuni besi iliyokosekana. Ndiyo maana hata kwenye simu tunaweza kufuata wimbo. Lakini mahali penye tarumbeta tatu zinazolia pamoja, vivuli hivyo hufunikwa. Noti ya baba ilikuwamo kwenye mkanda muda wote. Ilikosa mahali pa kutokea tu.

Sasa, mtu atauliza, kwa nini tusinunue spika kubwa tukaiweka mezani, yakaisha? Jaribu, msomaji. Spika ya inchi 10 isiyo na sanduku italia kama mtu mwenye mafua. Koni ikisogea mbele, inasukuma hewa ya mbele na wakati huo huo inavuta ya nyuma. Kwa sauti nzito, ambazo mawimbi yake ni marefu, hewa ya mbele huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, na sauti hizo mbili huuana. Ni sawa na kusukuma maji baharini kwa kiganja. Maji huzunguka mkono, na wimbi halitoki. Ukitaka wimbi litoke, hapana budi uzuie maji yasizunguke. Sanduku ndilo linalozuia. Linaikamata sauti ya nyuma na kuifungia, ili ya mbele iende zake.

Spika ya aina tunayoitumia hadi leo, yenye koili ndani ya sumaku na koni ya karatasi, ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, mwaka 1925. Kwa miaka mingi baada ya hapo, besi nzuri ilidai sanduku kubwa kama kabati la nguo. Mwaka 1954 Mmarekani mwingine, Edgar Villchur, akageuza fikra. Badala ya kuitegemea spika ijirudishe yenyewe kwa ukakamavu wa ukingo wake, alitengeneza spika yenye ukingo laini sana, akaiweka kwenye sanduku dogo lisilovuja hata kidogo, na kuiacha hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi. Koni ikitoka, hewa inaivuta; ikiingia, inaisukuma. Ule utupu ukawa mtambo.

Njia ya pili ni kuweka tundu lenye bomba, ili sauti ya nyuma itoke kwa mpango na kuiongezea nguvu ile ya mbele. Hiyo nayo ni ya zamani, ya tangu miaka ya 1930, na Mwaustralia Neville Thiele ndiye aliyeiwekea hesabu nzuri mwaka 1961. Hesabu zake zinataka ujue tabia za spika yako kwa tarakimu. Mimi spika yangu niliitoa kwenye gari lililokatwakatwa kuwa vipuri, na haikuwa na karatasi yoyote. Bomba likikosewa urefu, besi huvimba mahali pamoja na kufa ghafla chini yake. Sanduku lililofungwa husamehe zaidi: hupungua taratibu kadiri sauti inavyoshuka. Kwa spika isiyojulikana nasaba yake, nikachagua kufunga.

Kipimo cha ndani nilikifanya sentimita 34 kwa 34 kwa 28. Zidisha, utapata lita 32 na kidogo. Ukitoa nafasi ya sumaku na ya vipande vya kuimarisha pembe, zinabaki lita 30 hivi, kiasi cha kawaida kwa spika ya inchi 10. Nikampelekea mchoro fundi seremala wetu, hodari wa milango na vitanda. Akautazama, akanitazama.

"Mwalimu, sanduku la mzee ulifanye la plaiwudi? Mninga upo. Kwa mzee, mninga."

Alikuwa na haki ya kuona uchungu. Wilaya hii ni nchi ya miti migumu. Mpingo wa misitu ya vijiji vya Kilwa huchongwa klarineti na obo zinazopigwa kwenye kumbi za Ulaya, na tangu mwaka 2009 baadhi ya vijiji vyetu huvuna mpingo kwa cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu. Kumwambia fundi wa hapa alete plaiwudi ni kama kumwambia mvuvi anunue samaki wa kopo. Lakini ubao mzima huishi hata baada ya kukatwa. Hunywa unyevu na kutanuka, hukauka na kusinyaa, na hufanya hivyo kwa upana zaidi kuliko kwa urefu wake. Sisi wa pwani tunalijua hilo kila mlango unapogoma wakati wa masika. Mlango ukigoma unaurandia. Sanduku la spika likiachia uzi wa mwanga kwenye kiungo, limekufa, kwani hewa itapiga filimbi. Plaiwudi imebandikwa matabaka yaliyokingamana, kila moja likimzuia mwenzake asitanuke, hivyo hutulia. Nilimweleza hivyo, tukakubaliana: sanduku liwe plaiwudi ya milimita 18, miguu minne iwe ya mninga.

Kuhusu viungo, nilipata mwalimu pasipotarajiwa. Kuna mzee anayetengeneza majahazi, ambaye amekuwa akitia kalafati tangu utoto wake. Kalafati, kwa msomaji wa bara, ni ile pamba iliyoloweshwa mafuta ambayo hupigiliwa kwenye mianya ya mbao za chombo ili maji yasiingie. Nilipomweleza shida yangu alicheka. "Kwa hiyo wewe chombo chako kinataka kuzama kwa hewa." Akanifundisha jambo moja: mwanya usioonekana ndio unaozamisha, kwa sababu unaoonekana kila mtu huuziba. Nikachanganya gundi ya mbao na unga wa msumeno, nikapaka viungo vyote kwa ndani, mara mbili, na kila skurubu nikaitia gundi kabla ya kuikaza. Spika ilipokwisha fungwa, mke wangu akachoma udi, nami nikapitisha chetezo polepole kwenye kila kiungo huku nikiibonyeza koni kwa vidole. Mahali pawili moshi ulitikisika. Tukapaziba. Mwishowe nikibonyeza koni na kuiachia, ilirudi taratibu, kama mtu anayeinuka kwenye kiti kirefu. Hapo ndipo nilipojua kuwa hewa imekuwa springi. Ndani nilikuwa nimejaza sufi ya mto wa zamani, bila kuishindilia, ambayo huipunguza kasi hewa na kulifanya sanduku lijione kubwa kuliko lilivyo.

Kuunganisha nyaya ni kazi fupi, lakini ndiyo inayounguza vitu. Spika yangu ina koili mbili, kila moja ya omu 4. Ukiziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukiziunganisha kwa mfuatano, mkia wa ya kwanza kwenye kichwa cha ya pili, inaona omu 8. Nyuma ya amplifaya yangu, niliyoinunua kwa fundi redio, paliandikwa kwamba isifungwe chini ya omu 4. Kwa omu 2 ingepiga kelele kubwa siku moja na kuwa jiwe siku ya pili. Nikachukua 8: nguvu hupungua, uhai huongezeka.

Lakini koili mbili lazima zisukume upande mmoja. Moja ikigeuzwa, hushindana na mwenzake na koni husimama kimya kama mkokoteni unaovutwa na punda wawili waliotazama pande tofauti. Kipimo chake ni rahisi, na yeyote anaweza kukifanya kwa betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha betri kwenye ncha za koili ya kwanza kwa nukta moja tu. Koni ikiruka mbele, ncha iliyogusa chanya ya betri ni chanya; itie alama. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili. Baba ndiye aliyeshika betri. Mkono wake unatetemeka, lakini koni iliporuka alicheka kwa sauti, akaigusisha tena na tena, mpaka nikamwomba aihurumie. Kisha nikatia lehemu, nikavuta waya mnene na mfupi hadi kwenye amplifaya, nikaweka fyuzi, na kukaza kidhibiti ili kila sauti iliyo juu ya mitetemo 80 ibaki kwa spika ndogo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, baada ya Adhuhuri. Baba mdogo tulimwita. Baba alikaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, chini ya feni, mahali pake pa siku zote. Nikaweka wimbo. Besi ilitoka tangu pigo la kwanza, ya mviringo, imetulia, na baba akafumba macho. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilianza kutembea juu ya goti. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukaja wa mwisho. Vidole vikasimama mahali pamoja. Akafumbua macho.

Hakukuwa na kitu. Besi ilikuwa imeondoka.

Baba mdogo alitazama dari. Hakusema neno, na nilimshukuru. Baba alisema, "Basi labda walikata," akaanza kutafuta fimbo yake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, karibu na ukuta, na mimi nilikuwa nimeisikia. Niliisikia tumboni kabla ya sikioni. Nilidhani nimechanganyikiwa na hamu. Nikarudisha wimbo nyuma, nikasogea hadi katikati ya chumba, kando ya kiti cha baba: kimya. Nikarudi ukutani: ipo, nene kama nguzo. Ndipo mwalimu wa fizikia alipoamka ndani yangu. Sebule yetu ina urefu wa mita 4 na sentimita 20. Katika joto letu sauti husafiri mita 350 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa 41 una wimbi la mita 8 na nusu, na nusu ya wimbi ni mita 4 na robo. Chumba na noti vilikuwa karibu urefu mmoja! Noti kama hiyo hugonga ukuta na kurudi, ikasimama mahali pamoja. Kwenye kuta mbili huvimba, na katikati kabisa hujifuta. Kiti cha baba kilikuwa kimewekwa pale pale inapojifuta. Noti nyingine zote za wimbo zilikuwa na mawimbi ya urefu mwingine, ndiyo maana alizisikia.

"Baba, naomba usogee kwenye ukuta."

"Nimeshasikia, mwanangu, yatosha."

"Mara moja tu, baba."

Baba mdogo ndiye aliyebeba kiti. Tukamketisha mzee mgongo karibu uguse ukuta. Nikarudia ubeti wa mwisho. Gitaa la solo likalia, likakatika katikati ya neno lake, kweli kabisa, kama mtu aliyezibwa mdomo. Na hapo chini, ikaja ile noti moja, wazi, haitikisiki, ikapita chini ya tarumbeta na chini ya mwimbaji na kuwabeba wote hadi mwisho. Baba aliinua kidole.

Sitaeleza sana nyuso zilivyokuwa. Baba mdogo aliuliza kama tunaweza kurudia, tukarudia mara tano. Mara ya tano alisema, "Kaka, unisamehe," na baba akamjibu kwamba hakusikia, aseme kwa sauti. Sijui hadi leo kama kweli hakusikia.

Ilipokuwa ikirudiwa mara hizo tano, mtoto wa jirani alifika mlangoni. "Shikamooni. Mama anasema vyombo vinacheza kabatini." Nyumba yao iko hatua sita kutoka kwetu, na mama yule alikuwa amejifungua, hata arobaini haijatimia. Nilimfuata mtoto, nikabisha hodi, nikapokelewa barazani.

"Mwalimu, muziki wenyewe siusikii," aliniambia kwa upole. "Nasikia du, du hapa kifuani. Kama mtu anabisha hodi, hasemi yeye nani, wala haondoki."

Sijapata kusikia mtu yeyote aliyeeleza sauti nzito vizuri zaidi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, na pazia, hata na mwembe. Wimbi la mita nane halina habari na mwembe, linauzunguka. Matofali yetu hulipunguza kidogo, mabati hulitetemeka. Ni jambo tunalolijua tangu zamani: ngoma ikipigwa Kilwa Kisiwani usiku mtulivu, sisi wa Masoko ng'ambo ya maji hatusikii chapuo wala waimbaji, husikia vumi tu. Hata jina la ngoma hiyo limetokana na kuvuma. Lakini ngoma ya zamani ilikuwa ya wote. Ikilia, kila mtu alijua nani anaolewa au nani ametahiriwa. Sabufa hulia kwa ajili ya mtu mmoja aliyejifungia ndani, na anaowafikia hawajui sababu. Serikali ilipotoa kanuni za mwaka 2015 haikutaja kelele peke yake, ilitaja na mitetemo, nami naona aliyeandika alikuwa na jirani.

Kwa hiyo, mwenye kujenga besi asipime sanduku peke yake. Atoke nje, asimame uani kwa mwenzake wimbo ukiwa unapigwa, asikilize kinachobaki. Nilifanya hivyo jioni ile ile, mwanangu akishika kidhibiti ndani na mimi nikiwa barazani kwa jirani, nikimwita apunguze, apunguze tena, mpaka mama yule aliponiambia yamekwisha. Tulitia alama ya rangi ya kucha kwenye kidhibiti. Tukapatana na saa: baada ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, mtoto akiwa ameshalala na kuamka. Chini ya sanduku niliweka vipande vya mpira wa tairi ili sakafu isibebe kile ambacho hewa haikubeba.

Niliogopa kwamba kwa kipimo kile kidogo baba atalalamika. Alisikiliza, kiti chake kikiwa ukutani, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniomba nipunguze zaidi.

"Baba, utaisikia?"

"Mpiga gitaa zito hapigi asikike," alisema. "Anapiga ili wenzake wasikike. Ukiona watu wanageuka kutazama besi, ujue huyo hajui kazi."

Aliyasema hayo mtu ambaye kwa miaka arobaini alidai asikike, walau kwa noti moja. Sikuona kwamba anajipinga. Aliitaka kazi yake ijulikane kuwa ilifanyika. Hakutaka iwe kubwa kuliko wimbo.

Siku za Ijumaa, Alasiri, wazee wawili watatu huja na flashi zao. Mmoja alikuwa mpiga ngoma wa bendi nyingine iliyokufa, mwingine hakuwahi kupiga chochote ila alicheza dansi zote. Sebule imepangwa upya. Viti vimeegemea kuta, katikati hapana mtu. Hawasemi mengi, kwa sababu wote masikio yao yamekwisha kuanza kuondoka. Wimbo ukifika mahali fulani, mmoja huinua kidole, na wengine hutikisa kichwa kuonyesha kwamba wamesikia.